Kiwanja Alichoniahidi Prezida

Jumatatu, 7 Juni 1999

Mi ndiye mtu mwenye bahati kuliko wote Gisenyi. Naandika nikiwa nimeloweka goti kwenye beseni, maji ya moto na chumvi, kama kila Jumatatu baada ya mechi. Goti zima kabisa. Naliloweka kwa heshima tu.

Miaka yote hii beki wa kati, sijavunjika hata ukucha. Nimecheza Goma, Bujumbura, Bukoba. Kadi ya klabu inasema nina miaka ishirini na saba, na mimi siwezi kubishana na kadi.

Jana Prezida wa klabu aliniita pembeni. Amekulia Tanzania huyu. Kinyarwanda chake kinachechemea, Kiswahili chake kimenyooka kama suruali ya askofu. Kanishika bega: "Mpira una mwisho, bwana. Ukimaliza, kiwanja ni chako. Nimeshasema na kamati."

Kiwanja! Wengine wanamaliza mpira na jozi ya soksi. Mi namaliza na parcelle.

Nikamwambia mke wangu, Mama Aline. Kauliza, "Kiwanja ya mupira?" Nilicheka mpaka maji yakamwagika. Mtu wa Goma, kwake kila kiwanja ni cha mpira. Nikamfundisha: mi nimeishi Bukoba, Mama Aline. Kwa Watanzania mpira unachezwa uwanjani. Kiwanja ni parcelle, unajenga. Akanitazama. Akaendelea kuosha sambaza, dagaa wetu wa ziwani.

Jumatano, 9 Juni

Nilimsindikiza Mama Aline hadi Petite Barrière, mpakani, anavusha sambaza zake Goma kila siku. Nikamkuta Tumaini. Huyu alikuwa nambari tisa wetu, watu walimbeba mabegani mji mzima. Sasa anabeba yeye. Magunia ya unga, magodoro, leo friji ya mtu.

"Sha, kuja nikuonyeshe namna ya kufunga gunia," akaniambia. "Siku moja utauliza."

Nikacheka. Nikamnunulia chai na mandazi, halafu nikamwambia kona moja ya kiwanja changu ni yake, aweke kibanda. Aliacha kutafuna. Kona nyingine nimeshampa mama mkwe. Ya tatu nimempa jirani, aweke meza yake ya samaki. Nimebaki na katikati. Bon, si mi ni beki wa kati?

Ijumaa, 11 Juni

Nimemwambia mwenye nyumba, Mama Odette, tunahama mwisho wa mwezi. Nilisema kwa sauti, majirani wapate faida. Amekubali haraka mno. Kwa nini haraka hivyo? Nani kamwambia nini?

Mazoezi. Kabera hakunitazama. Kabera ni kapteni, mimi jezi nne yeye tano, bega kwa bega miaka na miaka. Ndiye parrain wa Aline, siku ya ubatizo yeye alishika mshumaa. Leo nikisogea, yeye na Prezida wananyamaza. Nikiondoka wanaanza. Kimya cha namna hiyo nakijua. Ndicho tulichonyamaza kabla ya kumfukuza kocha wa zamani.

Jumapili, 13 Juni

Tumeshinda. Nilitolewa mapumziko. Eti "kumpumzisha mkubwa." Nani kachoka? Goti liliteleza mara moja tu. Nyasi mbovu ile, mashimo kila mahali, ng'ombe wanalala pale kama hoteli.

Baada ya mechi nikawaona. Kabera na Prezida, nyuma ya goli la upande wa ziwa, na kamba na vijiti. Wanapima. Kabera anavuta kamba, Prezida anapigilia kijiti. Donc kiwanja changu kiko pale pale, kando ya uwanja, mahali pazuri kupita yote. Na wanakikata. Nusu yangu, nusu ya Kabera.

Parrain. Mwizi.

Jumatano, 16 Juni

Nilikuwa Mahoko sokoni kununua viazi. Nani anapita? Kabera, anasukuma baiskeli, mifuko ya chokaa nyuma, bati mpya zimefungwa juu. Nikamzuia.

"Chokaa ya nini, parrain?"

"Ya kazi."

Basi. Akasukuma baiskeli yake. Hata salamu ya mtoto hakunipa.

Chokaa! Mtu anataka kupaka nyumba nyeupe kwenye parcelle yangu kabla mi sijaweka jiwe moja.

Narudi nyumbani, namkuta Mama Odette kaleta mpangaji mpya. Mwanamke mzima anapima dirisha kwa pazia lake, mi nimekaa kitandani na viazi vyangu. Mwisho wa mwezi unakuja. Tukikosa kile kiwanja, tunalala wapi? Kwa mama mkwe, na maneno yake? Sikula.

Mama Aline kaniuliza kwa ile sauti ya chini, "Papa Aline, uliuliza Prezida hiyo kiwanja iko wapi?"

Sikuuliza. Mtu mkubwa haulizi zawadi yake iko wapi.

Usimuamini kapteni. Usimuamini Prezida. Mama Odette pia simuamini. Hata huyu mke wangu ananitazama kama anajua kitu.

Ijumaa, 18 Juni

Nimelipuka. Katikati ya mazoezi, timu nzima imesimama. Nikamwambia Prezida, "Mzee, mbona kiwanja changu mnampa Kabera?"

"Kiwanja gani?"

"Ulichoniahidi. Cha kujenga."

Prezida akatazama chini, akatazama viatu vyangu. "Bwana, umesimama juu yake."

Golikipa akaanza kucheka, wakafuata wote. Mmoja alilala chini akishika tumbo.

Alichoniahidi ni kazi ya kutunza uwanja. Kukata nyasi. Kuchora mistari. Kufukuza ng'ombe. Mshahara mdogo, lakini kila mwezi, hata timu ikifungwa. Ndicho kiwanja hicho. Nyuma ya goli wanajenga vyumba viwili vya mlinzi wa kiwanja, na ndivyo walivyokuwa wanapima. Bati ni za huko. Chokaa ni ya mistari.

"Nilisema kiwanja," Prezida akaniambia, naye karibu aone haya, "kwa sababu hapa wote mnasema kiwanja."

Yaani mzee alijikaza kuongea kama sisi. Na mi nilijikaza kumwelewa kama Mtanzania.

Kabera peke yake hakucheka. Alinisindikiza hadi njia panda.

"Goti yako niliiona siku mingi," akasema. "Mi ndiye nilienda kwa Prezida. Nilimwambia siwezi kuona papa ya Aline anabeba friji kwa barrière."

"Mbona hukuniambia?"

"We? Kuna mutu anaweza kukuambia kitu?"

Nyumbani nikaeleza yote. Mama Aline alisikiliza mpaka mwisho. Kisha: "Kiwanja ya mupira?" Akaficha uso kwenye kitenge, mabega yanatikisika. Ilibidi nicheke na mimi. Nilicheka vibaya.

Jumamosi, 19 Juni

Sikutoka nje. Aibu.

Jumatatu, 28 Juni

Tumehamia jana. Vyumba viwili, bati mpya, harufu ya mbao. Kabera alibeba kitanda. Nilimwomba msamaha mbele ya Mama Aline. Kasema chai iko wapi.

Leo asubuhi nimechora mistari. Unatembea kinyumenyume na kopo lenye matundu, chokaa inashuka. Mstari wa kwanza ulipinda kama njia ya mlevi. Wa pili afadhali.

Tumaini alipita kabla ya kwenda kwa barrière. Alikuja kuona kona yake. Hakuna aliyemwambia. Nikamweleza. Hakucheka. Alitembea hadi penye bendera ya kona, upande wa barabara, akasimama. "Iko hii?" Nikasema ndiyo, ni hiyo. Siku za mechi aweke meza hapo nyuma, auze chai. Kamati nitaiomba mimi. Tena kona ziko nne, hata mama mkwe hatakosa.

Ziwa limetulia. Goti liko kwenye beseni.

Kule mwanzo niliandika mi ndiye mwenye bahati kuliko wote. Uongo. Parcelle haikuwepo. Goti limekufa tangu mwaka jana, na nilijua. Nina miaka thelathini na sita.