Barua ya Kumtetea Vitalis

Jumatatu, 3 Februari

Nimemwagilia nyanya saa saba mchana, kama kawaida. Nikafunga mlango wa steshenari yangu hapa Mbeya nusu, nikaweka kibao cha "Narudi sasa hivi", nikaingia Kule kwa akaunti ya Vitalis. Matuta manane. Dakika kumi na mbili. Nyanya za kwenye kompyuta hazina ukungu wala yule mdudu kantangaze, na bado zinanichosha kuliko za kwetu Ilula.

Kisha nikatoka, nikaingia tena kwa akaunti yangu mwenyewe, nikausogelea mlango wa nyumba. Hapo ndipo ninapopangojea tangu asubuhi. Mlango ukasema kwa sauti ya Vitalis: "Kamwene, dada Leti. Umechelewa tena. Vua viatu, mama amedeki." Sekunde sita. Nikasikiliza mara tatu. Halafu akaja mteja wa kutoa kopi.

Naandika kila kitu kwa sababu nimeanza kusahau. Kule ndivyo mdogo wangu alivyouita ule ulimwengu wa mtandaoni. Kila mtu ana kiwanja chake na anajenga atakacho. Selimundu ilipomlaza kitandani, Vitalis alijenga nyumba ya marehemu mama ya Ilula, ile tuliyoiuza na aliyeinunua akaibomoa. Ameweka mpaka ufa wa ukuta wa jikoni. Nyuma akaweka nyanya. Mlangoni akarekodi salamu, kila rafiki na ya kwake, mlango unakutambua ukifika.

Bustani isipomwagiliwa siku saba inakauka. Kiwanja kisipotembelewa na mwenyewe siku thelathini kinafutwa. Ndiyo maana aliniandikia neno lake la siri nyuma ya kadi ya kliniki. Alisema, "Dada, nyanya zisikauke." Hakusema kingine cha maana siku ile. Alikufa tarehe 31 Desemba, ana miaka ishirini na minne.

Jumatano, 5 Februari

Komba ameniandikia. Komba ni rafiki wa Vitalis wa Kule, Mngoni, ana mashine ya kukoboa mpunga Chimala. Hawakuwahi kuonana ana kwa ana. Miaka mitatu walitukanana kila jioni kwa raha zao, kwa kuwa Wahehe na Wangoni ni watani. Mazishini hakufika, alikuwa Songea anamuuguza baba yake. Jambo hilo linamsumbua. Anasema msiba ambao mtani hajafika bado uko wazi. Anaomba tufanye arobaini Kule, Jumapili, nyumbani kwa Vitalis, naye amalize kazi yake ya utani.

Nimekubali. Hata sikufikiri mara mbili.

Jumamosi, 8 Februari

Ilula. Misa ya arobaini kigangoni. Wajomba wamekula, wamelala, wameulizana habari za mvua. Barabarani wauza nyanya wameniona nimevaa nyeusi, wakanipa pole, kisha wakaniuzia ndoo nzima. Ndoo nzima ya nini, mtu naishi peke yangu sasa.

Jumapili, 9 Februari

Nimeshuka kwenye basi, nikaja steshenari moja kwa moja na begi langu. Saa kumi na moja jioni nikaingia kwa akaunti ya Vitalis, maana mwenye nyumba ndiye pekee anayeweza kuwafungulia geti wageni wengi kwa pamoja. Wakaja watu kumi na mmoja. Wengine wa Dar, wawili wa nchi za mbali wanaotumia ile mashine ya kutafsiri. Wakakaa kwenye mikeka. Kila mmoja akaandika kaneno kake ka huzuni. Shughuli ilipooza kweli, kama foleni ya hospitali.

Ndipo Komba akaingia. Amejivalisha kama Vitalis, jezi ileile ya kijani, fimbo ileile, anachechemea vilevile. Akapita katikati ya waombolezaji bila salamu, akaenda kulala kwenye kitanda cha marehemu. Akaandika:

"Amka, mvivu wewe! Mhehe gani anakufa kabla hajamaliza kula mbwa wa majirani? Unajificha usije kulima!"

Nilicheka. Mungu wangu, nilicheka mpaka fundi viatu wa jirani akachungulia. Sijacheka hivyo tangu mwaka uanze. Nikamjibu kwa jina la Vitalis, kwa sababu ndivyo ambavyo Vitalis angejibu: "Toka kitandani kwangu, mla panya. Nitakufukia wewe badala yangu, tena ukiwa hai."

Komba akagaragara sakafuni. Akavaa kanga, akalia kwa kujivuta, akadai yeye ndiye mjane na hajaachiwa hata kuku. Wa Dar wakapokea, kila mmoja akatupa tusi lake. Mgeni mmoja wa mbali aliondoka bila kuaga. Sikumjali. Nilijisikia, kwa mara ya kwanza, kwamba tumemzika.

Jumatatu, 10 Februari

Saa saba mchana. Akaunti ya Vitalis imefungiwa siku kumi na nne.

Jumanne, 11 Februari

Nimesoma kanuni za mwenendo zote. Kurasa kumi na tisa, Kiingereza. Nimezichapa ili nizisome vizuri kwenye karatasi. Tuna makosa matatu: lugha ya chuki dhidi ya kabila, tishio la kumdhuru mtu, kujifanya mtu mwingine. Ya Vitalis ni mawili ya kwanza, yaani ni yangu mimi. Komba naye amefungiwa siku zilezile.

Sijui ni mtu aliyeripoti au ni mashine tu. Yote sawa. Geti limefungwa. Nimejaribu kwa akaunti yangu, nikaishia kwenye uzio. Mlango uko hatua ishirini kutoka hapo na haunisikii.

Kwa nini sikuirekodi ile sauti kwenye simu? Mjinga mimi. Simu yangu ya zamani, yenye ujumbe wake wote, iliibiwa Mwanjelwa mwezi wa kumi, na bado sikujifunza. Niliona nyumba ipo, sauti ipo.

Nimempigia Komba. Nimemtukana, na safari hii haukuwa utani. Nimemwambia asingeleta upuuzi wake ningekuwa namsikia mdogo wangu mpaka leo. Mtani hakasirikiwi, najua, nimelelewa hivyo. Akasema, "Nimekosa, dada." Nikamkatia.

Alhamisi, 13 Februari

Siku ya nne bila maji. Zimebaki tatu zikauke.

Komba ameandika kwamba tutulie tu, siku zitaisha zenyewe. Atulie yeye. Mimi watu wanatoka mpaka Mbalizi kuja kuandikiwa barua. Nimewaandikia waliosimamishwa kazi wakarudishwa. Nimemwandikia mwanafunzi aliyefukuzwa shule akapokewa. Barua ni kazi yangu.

Nimewaandikia wenye Kule, kwa Kiswahili na Kiingereza. YAH: OMBI LA KUFUNGULIWA AKAUNTI YA MAREHEMU VITALIS. Husika na kichwa cha habari hapo juu. Nimejitambulisha. Nimeeleza utani ni nini, kwamba kwetu anayemtukana maiti ndiye anayemfariji mfiwa, na kwamba maneno yale niliyaandika mimi, dada yake wa kuzaliwa, kwa mkono wangu. Kisha nikafanya kama tunavyofanya ofisi zote: nimeambatisha vielelezo. Nakala ya cheti cha kifo. Kitambulisho changu. Barua ya utambulisho ya mwenyekiti wa mtaa, yenye muhuri. Mwenyekiti aliisoma barua yangu mara mbili, akasema hakuna wa kuikataa hii.

Nimeituma saa nane. Nimekula kwa hamu.

Jumatatu, 17 Februari

Kimya. Nyanya zimeshakauka, kama wanahesabu sawasawa. Ndoo ya Ilula nayo imeoza, nimeimwaga.

Jumatano, 19 Februari

Wamejibu.

Wananipa pole. Wanashukuru kwa maelezo ya kina. Suala la lugha wamelifuta, wameelewa mila. Nilisoma mstari huo nikasimama kabisa, nikapiga makofi peke yangu.

Nikaendelea. Kwa kuwa mwenye akaunti amefariki, na kwa kuwa akaunti haihamishwi, na kwa kuwa nimekiri kuitumia akaunti isiyo yangu, wanaifunga moja kwa moja. Kiwanja na vyote vilivyomo vitaondolewa Jumatano ijayo saa tisa alasiri.

Walikuwa hawajui kwamba amekufa. Hakuna aliyejua huko ofisini kwao. Kwao Vitalis alikuwa kijana wa Mbeya mwenye mdomo mchafu, amepewa adhabu ya siku kumi na nne, ataitumikia, atarudi. Mimi ndiye niliyewapelekea cheti cha kifo. Chenye muhuri.

Ijumaa, 21 Februari

Jana niliandika tena. Sikuomba nyumba, wala nyanya. Niliomba sauti tu, sekunde sita. Niliandika mistari minne bila YAH, bila vielelezo.

Wamejibu haraka safari hii. Rekodi za mwenye akaunti hazitolewi kwa mtu wa tatu, kwa ajili ya kulinda faragha yake.

Mtu wa tatu. Nimembeba mgongoni. Nimemwogesha akiwa na miaka ishirini na minne, kwa sababu mikono yake haikuinuka. Mtu wa tatu.

Jumamosi, 22 Februari

Sikufungua steshenari. Nimelala mchana kutwa. Nina hasira na kila mtu na wa kwanza ni mimi.

Jumatatu, 24 Februari

Siku kumi na nne zimetimia. Akaunti ya Komba imefunguka yenyewe asubuhi. Hakuandika barua yoyote. Alikoboa mpunga, akangoja.

Ingekuwa hivyo na ya Vitalis. Leo saa saba ningefunga mlango nusu na kuweka kibao. Ningekuta matuta makavu, ningepanda upya, basi. Nyanya tu. Ningeziacha zikauke.

Komba hakuniambia hivyo. Ameandika tu kwamba imefunguka, kisha akaandika "pole". Na yeye ndiye aliyesema tutulie.

Jumatano, 26 Februari

Saa tisa kasorobo niliingia kwa akaunti yangu, nikasimama kwenye uzio. Komba alikuwepo tayari, na wale wa Dar watatu. Bati lilionekana, na kona ya jikoni. Nilitaka kuuona ufa lakini ule uko upande wa pili.

Saa tisa kasoro dakika tano akaja binti na fomu za chuo, mwisho wa kutuma ni leo, analia. Nikamhudumia. Cheti cha kuzaliwa, picha, matokeo, nikaskani kimoja kimoja. Nilipogeuka kwenye kompyuta nyingine ilikuwa saa tisa na dakika nane. Majani. Majani mafupi ya kijani, yamesawazishwa, na kibao kwamba kiwanja kiko wazi.

Komba na wenzake walikuwa bado wamesimama palepale. Uzio haupo, na hakuna aliyesogea mbele.

Nimelia mbele ya yule binti. Alidhani ni kwa ajili ya fomu zake, akaniambia usijali dada, zitafika.

Ijumaa, 28 Februari

Nimempigia Komba nikamwomba radhi. Hasira yangu ilikuwa dhambi mara mbili, nilimkasirikia mtani, tena kwa kosa langu mwenyewe. Akasema yameisha. Akasema kesho ana mzigo wa mchele wa kuleta Mbeya, atapita.

Jumamosi, 1 Machi

Komba alifika saa sita. Nilitegemea kumwona kijana. Ni mtu wa makamo, mfupi, ana mvi za kidevuni na vumbi la pumba kwenye nyusi. Amebeba mchele kilo tano kwenye mfuko wa khaki. Akasimama mlangoni mwa steshenari, akavua kofia, akasema, "Habari za kazi, dada. Pole na msiba."

Nilikuwa nimejiandaa. Nilikuwa na matusi yangu matatu, mazuri. Nikatoa la kwanza: "Karibu, mla panya. Funga mdomo, wateja wangu wasione meno." Akatabasamu kidogo akitazama chini, akasema asante. Akakaa.

Nikampa la pili. Akasema, "Dada, ngoja kwanza." Akaniambia tangu lile tukio hataniani na mtu. Hata mashineni kwake Chimala, Mhehe akija kukoboa, anampimia na kumuaga. Maneno yanafika mdomoni yanarudi. Anaona kama kuna mtu nyuma yake anayaandika.

Nikamwambia hapa hakuna mtu. Nikamwambia tafadhali. Niliona aibu kusema tafadhali nitukane, ila nilisema. Alijaribu. Alifungua mdomo, akaanza, "Nyie Wahehe..." akashindwa, akajifuta macho na kofia.

Basi tukakaa. Nilipika mchele wake kwenye jiko la nyuma, tukala na maharage. Alinisimulia habari za baba yake, anaendelea vizuri sasa. Nilimtolea kopi za leseni ya mashine, akataka kulipa, nikakataa. Tulizungumza kama watu wazima wawili waliokutana benki.

Saa tisa nikamsindikiza kituoni. Mvua ilikuwa imekatika, barabara inatoa mvuke. Gari la Chimala lilipokuja akanishika mkono, akasema, "Haya dada, nisalimie nyumbani."

Nyumbani hakuna mtu. Nikamwambia zimefika.