Siku Baba Alipokunja Miguu

Kwako Dada yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie wodini kwako au popote zitakapokukuta. Kama bado umevaa viatu vya kazi, vivue kwanza ukae, maana barua hii si ya kusomwa kwa kusimama. Shemeji hajambo? Na wanangu? Sisi huku tu wazima. Baba anakula, analala, anagomba. Dalili zote za uzima anazo. Ile karatasi ya mazoezi uliyomchorea kwa mkono wako bado imebandikwa ukutani kando ya kiti chake. Nitakueleza mbele ilivyofanya kazi, ingawa si kwa njia uliyoikusudia.

Kwanza nikushukuru. Tangu kiharusi kimlegeze Baba upande wa kushoto hujakosa kupiga simu Jumapili hata moja. Wewe ndiye uliyenifundisha kumgeuza kitandani bila kumuumiza, na kumtazama mdomo anapotabasamu nijue kama mambo ni shwari. Mama alipotutoka ulikuwa na miaka kumi na tisa, ukanilea bila kunionyesha kwamba na wewe ulikuwa mtoto. Sikuwahi kukuambia asante iliyotosha. Naisema leo, tena mapema, kabla hujafika chini ya barua ukajuta kunilea.

Habari yenyewe ni kwamba nimenunua gari. Najua utauliza gari la nini wakati nashinda kutwa nikiendesha lile la kiwanda cha mikate. Hili ni la mashindano. Usishike kifua! Si yale ya kwenye televisheni. Ni ya watu wa kawaida: kuna mwalimu wa hesabu, kuna fundi bomba, kuna mama mmoja mwenye duka la miwani anayetushinda wote. Kila baada ya miezi miwili barabara ya mlimani inafungwa, kila gari linapanda peke yake, na mshindani wako ni saa. Unajua Baba aliniita Haraka tangu nikiwa na meno ya utoto, na kila nilipovunja kikombe alimalizia kwamba baraka ndiyo sikujaliwa. Basi nilitaka mahali ambapo haraka yangu ingekuwa na kazi.

Aliyenisaidia kuchagua ni fundi anayetengeneza magari yetu pale kiwandani, mtu wa maneno machache na sumaku moja mfukoni. Aliniambia anayeanza asitazame injini. Atazame breki na tairi, achukue gari dogo, jepesi, lenye vipuri kila duka, kwa sababu kasi ya kununua huishia mtaroni na ya kujifunza hubaki nawe. Nikaitikia vizuri sana, kisha nikampeleka moja kwa moja kwa kinyozi mmoja aliyekuwa anauza gari jekundu lenye bawa nyuma, pana kama meza ya kupigia pasi. Nililipenda mpaka nikaona aibu. Fundi akatoa sumaku yake akaipitisha ubavuni. Ikashika mlango, ikakataa kwingine kote. Kumbe chini ya rangi hapakuwa na bati, palikuwa na pati ya kuzibia mabonde. Kinyozi akatazama juu kama anayetafuta mvua.

La pili lilikuwa na injini ya kutisha, likiungurumishwa kifua kinatetemeka. Fundi akaniuliza kama nina mume tajiri. Nikamwambia sina hata maskini. Akasema basi nisiliguse, maana seti moja ya tairi zake ni sawa na bei ya gari zima.

Nikakata tamaa. Ndipo tukasikia kwamba ile shule ya udereva aliyofundisha Baba inauza gari lake la mwisho. Naam, hilo hilo: jeupe, dogo, namba saba ubavuni, madirisha ya kuzungusha kwa mkono. Hakuna aliyelitaka. Watu husema gari la wanafunzi limeteswa, halafu lina pedali ya pili ya breki miguuni pa abiria, ambayo mwenye familia hana kazi nayo. Fundi alilizunguka mara mbili, akalala chini yake, akatoka anacheka. Alisema wanafunzi huua klachi tu, na klachi ilikuwa imebadilishwa mwaka jana. Injini haijawahi kukimbizwa maisha yake yote, na breki zimetunzwa kuliko mtoto mchanga. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, nami nilikuwa nimezunguka mji mzima nikitembezwa.

Nililiegesha uani, nikaenda kuweka maji ya chai. Niliporudi kiti cha Baba kilikuwa kitupu. Dada, yule mzee aliyekuwa hatoki barazani, aliyegomea karatasi yako akisema mguu wake si wa shule ya chekechea, alikuwa ametembea na mkongojo wake hatua ishirini na mbili. Nilizihesabu baadaye. Alikuwa amekaa kiti chake cha kazi, upande wa abiria, anakanyaga pedali ile kwa mguu wa kushoto. Toka siku hiyo kila asubuhi anakanyaga mara ishirini, kama ulivyoandika wewe, ila hajui kuwa ni mazoezi. Anadhani yuko kazini. Nililia jikoni, nikasingizia vitunguu ambavyo hata sikuwa navyo.

Sasa unakumbuka desturi yake. Mwanafunzi akianza, mguu wa Baba hukaa juu ya ile breki ya pili, na hauondoki. Siku akiona umeiva, haongei kitu, anakunja miguu yake yote miwili chini ya kiti mkiwa bado mnatembea. Hakuna cheti alichokiheshimu zaidi. Wewe alikukunjia siku ya tisa, na mkala keki. Mimi nilikaa naye miezi minne, nikagonga nguzo ya geti ya shule yao wenyewe, akanihamishia kwa mwalimu mwingine. Leseni nikapata, lakini miguu hakunikunjia. Nimeendesha mikate miaka kumi na miwili bila kumwaga hata andazi, na kila Baba alipopanda nami niliona mguu wake unatafuta breki sakafuni. Nilikuonea wivu, Dada. Sasa umejua. Na alipopata kiharusi, katikati ya hofu yote ile, nilifikiri pia kwamba basi, hatanikunjia tena. Nimeona haya kufikiri hivyo mpaka leo.

Sasa nifike pale ninapopaogopa. Nilikuahidi kwamba Baba hatakaribia mashindano wala usukani. Usukani hakugusa. Lakini Jumamosi iliyopita, katika kundi la wanaoanza, abiria anaruhusiwa, na abiria aliyekuwa karibu yangu hakuwa fundi kama tulivyopanga. Alikuwa Baba, niliyekuwa nimemleta atazame tu. Nilipofika garini alikwisha kufunga mkanda na kuvaa kofia ngumu. Daktari wa kliniki nilikuwa nimemuuliza kama mzee anaweza kupanda gari, akasema hewa itamfaa. Sikumwambia hewa yenyewe itapita kwa kasi gani. Daktari wa mashindano alimpima presha mara mbili, akamuuliza kama haogopi. Baba akamjibu kwa ule ulimi wake mzito kwamba amepanda na wasiojua kuendesha miaka thelathini na mmoja, na angekuwa wa kufa garini angekwisha kufa.

Na kuna jingine, ambalo hata yeye halijui. Baba akiwa anapimwa, mkaguzi wa magari alikataa ile pedali. Alisema abiria haruhusiwi kugusa breki, iondolewe au ikatwe. Nilimwomba fundi aikate kwa chini, aiache mahali pake na springi yake, ionekane vilevile. Niliogopa Baba akijua hana breki atashuka, na akishuka atarudi kwenye kile kiti cha barazani asiinuke tena. Kwa hiyo nilimdanganya baba yangu, nikavunja na ahadi niliyokupa, yote kabla ya saa nne asubuhi.

Tukasogea kwenye mstari. Mguu wake ulikuwa juu ya pedali ile iliyokufa. Mwenye bendera akaanza kuhesabu kwa vidole, tano, nne. Nikaona Baba anaurudisha mguu wa kulia chini ya kiti. Wa kushoto ukamshinda. Akaishika suruali kwa mkono, penye goti, akauvuta mguu taratibu mpaka ukalala kando ya mwenzake. Kisha akaweka mikono mapajani, akatazama mbele. Dada, sijui bendera ilishuka vipi, maana macho yangu yalikuwa yamejaa. Lakini kona zote tisa nilizikata kwa adabu, breki kabla ya kona na siyo ndani yake, kama alivyonipigia kelele miezi minne. Hakukanyaga kitu. Juu kule alinigeukia, mdomo wake umetabasamu pande zote mbili, akasema, “Haraka, leo una baraka.”

Tulikuwa wa kumi na moja kati ya kumi na wanne. Mama wa miwani alitupa pole, sikumwelewa.

Nigombeze utakavyo, ni haki yako, ila Baba usimwambie habari ya pedali. Jana ameniagiza niing'oe, eti haina kazi tena, inaongeza uzito tu. Nimeitikia kama mtoto mtiifu. Nikishaing'oa nitakuletea wewe uitunze, kwa kuwa sasa sote wawili ametukunjia miguu.

Nisalimie Shemeji, wabusu wanangu, nawe upumzike. Baba anakusalimu na anauliza utakuja lini. Anasema kiti cha abiria kina nafasi ya kukunja miguu.

Ni mimi mdogo wako, mwanafunzi aliyehitimu,
Haraka