Kipenga cha Baba Lusajo

Masukulu, Jumatatu

Leo tena. Kipenga kimelia kuita watu shamba la ujamaa, na Lusajo akaacha uji akakimbilia mlangoni: “Baba huyo!”

Ana miaka mitatu. Kichomi kilimchukua baba yake mwezi uliopita, kijana kabisa, lakini mtoto bado anakijua kipenga alichofundishia timu ya mpira ya kijiji.

Nilikwenda kwa mwenyekiti kukiomba.

“Pigeni chuma, baba,” nilimwambia.

“Chuma hakisikiki migombani kule bondeni, Mama Lusajo. Hiki kinasikika. Tena kilinunuliwa na kijiji, marehemu alikishika tu.”

Alikishika tu!

Nikarudi, nikampakata mwanangu, nikamwambia wazi kwamba baba amekufa, anayepuliza ni mwenyekiti.

“Baba akija atampokonya?”

“Hatakuja.”

Nilirudia mpaka akalia. Sijui kama nimefanya vema. Nimechoka kumtoa mlangoni kila asubuhi, na kama ningeendelea kunyamaza…

Jioni kipenga kimelia tena, cha mkutano. Lusajo hakuinuka, aliendelea kula ndizi zake. Niliyesimama ni mimi, mwiko mkononi.