Lenzi ya Baba na Ufa wa Nguzo

Kwako kaka yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie hapo ulipo, katikati ya mikasi na kelele za cherehani. Natumaini u mzima, na mgongo wako umekupa nafuu. Wifi naye hajambo? Mwambie namsalimu sana na bado namdai ile blauzi. Sisi huku afya hatujambo. Watoto wanakula, wanagombana, wanalala. Ila mimi mwenyewe moyo hautulii, na utaona hata mwandiko wangu leo si wa mtu aliyesoma.

Nakuomba usiikunje barua hii ukaitia mfukoni. Nakujua. Simu zangu hupokei tangu ile aibu ya uani, na hata ungetaka kupokea, simu zenu zote zinaachwa getini. Mimi mwenyewe, tangu mwenye jengo aliponiachisha kibarua, walinzi wameambiwa nisikanyage hapo. Kwa hiyo nimemtuma shemeji yako, kwa kuwa yeye analeta vitambaa na hakuna anayemzuia. Naandika nikiwa kwa fundi kamera, kwenye kona ya meza yake, huku lori lake linapakiwa nje. Ningeandika neno moja tu, "tokeni", ungesema mdogo wako ameanza tena. Ndiyo maana inabidi nieleze, na wewe inabidi usome mpaka mwisho.

Unakumbuka kazi hii ilivyoanza. Mwenye jengo alipouona ule ufa juu ya nguzo ya chumba cha jenereta, wewe ndiye uliyenitafutia kibarua cha kuupiga picha kila mwezi. Kupanda na rula haikuwezekana, maana nguzo iko nyuma ya jenereta, na mwenye jengo hataki kusikia habari ya kulizima, mashine zenu zisije zikasimama. Basi tukakubaliana kwamba stendi ya kamera itakaa kwenye alama zilezile za rangi nilizochora sakafuni, na lenzi itakuwa ileile, ile ndefu ya marehemu baba. Kila kitu kikiwa vilevile, ufa ukionekana mkubwa kwenye picha, basi umekua kweli. Wala hesabu yake si ngumu.

Halafu bodi yangu ya zamani, yaani kamera yenyewe bila lenzi, ikafa. Watu wanadhani kamera ni kamera, unaingia dukani, unachagua inayong'aa, umemaliza. Thubutu! Kila kampuni ina namna yake ya kufunga lenzi. Unaweza kununua bodi ya bei mbaya, ukafika nyumbani, lenzi yako ikakataa kuingia kabisa. Nyingine inaikubali mpaka uweke pete katikati, na mimi sikutaka kuongeza kitu ambacho hakikuwepo kwenye picha za mwanzo. Nyingine lenzi inaingia vizuri, ila ndani hakuna mota ya kuizungusha, inabidi uizungushe mwenyewe kwa mkono mpaka picha iwe kali. Hilo la mkono halikunitisha. Baba alitufundisha kwa mkono sote wawili, ingawa wewe uliishia kukata watu vichwa kwenye picha.

Nilizunguka maduka mpaka wauzaji wakaanza kunikimbia. Mwisho nikaipata kwa huyu fundi, iliyotumika, lakini safi. Nikaichomeka lenzi ya baba, nikaizungusha, ikakaa kama imezaliwa nayo. Kaka, nilifurahi mpaka nikamkumbatia fundi wa watu. Kuhusu kile kibapa cha ndani kinachopokea picha badala ya filamu, kile tunachokiita kihisi, sikuuliza. Akili yangu yote ilikuwa kwenye lenzi iingie, na lenzi ilikuwa imeingia.

Picha ya kwanza ya bodi ile ndiyo iliyoleta vurugu. Nyote mliiona. Ufa ulikuwa mrefu, mpana, umekatiza picha kama mto. Nilipiga kelele, nakiri, na kina mama unaowasimamia wakaacha kazi wakakimbilia uani, wewe ukabaki katikati unahojiwa na mwenye jengo kana kwamba wewe ndiye uliyeipasua nguzo. Ndipo akaletwa mhandisi. Hakupanda ngazi, hakugusa nguzo. Aliigeuza kamera yangu, akasoma jina lililoandikwa kwenye ganda, akatabasamu. Akasema aina hii ina kihisi kidogo. Kihisi kidogo kinachukua kipande cha katikati tu cha kile ambacho lenzi inaleta, kwa hiyo kila kitu kinajaa zaidi kwenye picha. Akachukua kalamu, akaupunguza ufa kwa hesabu yake, na ukarudi karibu sawa na wa mwezi uliotangulia.

"Picha imekuzwa na kamera," alisema mbele ya watu wote. "Nguzo haijafanya kitu."

Nami nikaulizwa kama ni kweli kihisi kidogo kinafanya hivyo. Nikasema ni kweli, kwa sababu ni kweli. Nikaulizwa kama basi kosa ni la kamera yangu. Nikasema ndiyo. Watu walicheka, kaka. Wewe hukucheka. Uliniangalia tu, halafu ukawaambia kina mama warudi kwenye mashine. Walipositasita ukamchukua mkeo mwenyewe, ukamkalisha ghorofani, kwenye cherehani iliyo juu ya nguzo ile, ili waone kwamba huna wasiwasi. Nao wakapanda mmoja mmoja. Nilisimama pale chini nikiwahesabia migongo.

Sasa sikiliza kilichotokea jana. Nilikuwa na kazi ya kupiga picha za maharusi, na lenzi ya baba ni ndefu mno kwa chumba. Nikaazima lenzi fupi kwa rafiki yangu mpiga picha, nyepesi, ya zamani, iliyotengenezwa kwa ajili ya bodi za kihisi kidogo. Nikasema safi, zitaelewana. Nikapiga. Pembe zote nne za picha zikatoka nyeusi tii, bibi na bwana harusi wako katikati kama watu wanaochungulia kwenye bomba. Bwana harusi akanichekea akauliza kama ni mtindo mpya. Mimi nilikaa chini nikaitazama ile picha upya.

Ngoja nikwambie maana yake. Lenzi ya namna ile inamwaga duara dogo la mwanga, la kutosha kihisi kidogo tu. Pembe zikiwa nyeusi, maana yake mwanga haukufika kwenye pembe. Na kama haukufika, basi kihisi kilichomo humu ndani si kidogo. Ni kikubwa, sawasawa na kile cha bodi yangu iliyokufa.

Asubuhi hii nimekuja hapa kwa fundi nikiomba aniambie nimekosea. Sijawahi kutamani kuonekana mjinga kama leo. Akachukua bisibisi, akaifungua mbele yangu, akakuna kichwa. Akakumbuka. Bodi hii ilimfikia ganda likiwa limepasuka, na alikuwa na nyingine mbovu ya aina ya kihisi kidogo, ganda lake zima. Akalivua lile ganda zima akaivika hii, maana zinalingana, na jina likahamia pamoja na ganda.

"Jina ndilo dogo, dada," aliniambia. "Ndani ni kubwa."

Umeelewa, kaka? Hakuna kilichokuzwa. Mhandisi aliupunguza ufa uliokuwa na ukubwa wake halisi. Picha ile iliyowakimbiza uani ilikuwa inasema kweli, na kila picha niliyopiga baada yake ilikuwa inasema kweli, na sisi tumekuwa tukizipunguza zote. Hiyo ya mwisho, niliyopiga kabla walinzi hawajanifungia geti, nimeiweka hapa mezani bila kuipunguza. Ufa umekata kona ya nguzo, umeingia upande wa pili. Umeanza kuachia vipande, na ndani naona vyuma.

Kuna jambo jingine, na hili ndilo linalonitafuna. Siku ile uani, kabla mhandisi hajafungua mdomo, mimi nilikuwa nimeshajua. Nilipoweka jicho kwenye kamera kwa mara ya kwanza, upana wa kile nilichokiona ulikuwa uleule niliouzoea. Jicho langu limekaa nyuma ya lenzi ya baba miaka yote hii, haliwezi kudanganywa na jina kwenye ganda. Nilijua kitu hakiendi sawa kwenye hesabu ya yule bwana. Lakini alikuwa ameshasoma jina, watu walikuwa wameshaanza kucheka, na wewe ulikuwa umeshaaibika vya kutosha kwa ajili yangu. Nikaona bora niwe mjinga kuliko nikuongezee aibu. Nilinyamaza kwa ajili yako, kaka, na kunyamaza kwangu ndiko kulikomkalisha wifi pale.

Kwa hiyo sasa nakuomba, wala si ombi la mdogo kwa mkubwa, ni amri, utanisamehe baadaye. Usimwendee mwenye jengo kwanza. Atamwita mhandisi, na mhandisi atataka kuanza na chai. Zimeni jenereta, maana linaitikisa ile nguzo kutwa nzima. Halafu washushe watu kwa ngazi ya nyuma, iliyo mbali na chumba kile, taratibu, wasikimbie kwa kishindo.

Na najua utataka kufanya nini. Utataka kumwita wifi pembeni, umtume nje kwa kisingizio cha uzi au vifungo, halafu ndipo ufikirie wengine. Usifanye hivyo. Watamwona anatoka, watauliza, utaanza kueleza, na muda utakwenda. Simama juu ya meza ya kukatia, waambie wote kwa mara moja. Mimi hawawezi kuniamini tena. Walirudi kwa neno lako, na kwa neno lako watatoka.

Msalimie wifi, mwambie blauzi nimesamehe. Shemeji yako amesimama mbele yako, amenong'onezwa yote, na hatapandisha hata robota moja la kitambaa huko juu. Nitakuwa nimesimama ng'ambo ya geti, kwenye kivuli cha ukuta wa jirani. Sitaondoka hapo mpaka nikuone wewe, na wewe usitoke mpaka umtoe wa mwisho.

Wako akupendaye,
mdogo wako.