Mrija Uliopoa Mezani

MAELEZO YA SHAHIDI
Yameandikwa kituoni, 2 Mei 2025, saa 4:10 asubuhi

Jina: Natalia Malale. Umri: miaka 61. Kabila: Msukuma. Kazi: mkulima wa mpunga. Makazi: Usevya.

Mimi ni mjane. Naishi peke yangu na ng'ombe mmoja wa shemeji yangu Manyanda. Aliniwekea nimtunze, mimi nipate maziwa, yeye apate ndama. Wanangu wamehamia kusini na mifugo, na simu zao hazipatikani.

Mnamo tarehe 4 Machi 2025 asubuhi niliona ng'ombe ana joto la kutaka dume, nikampigia Fabrice, kijana wa Katumba anayepandisha ng'ombe kwa mirija ya mbegu za dume zilizogandishwa. Shemeji alikuwa ameshamlipa. Alifika na pikipiki na ule mtungi wake wa baridi kali. Alichomoa mrija mmoja akautumbukiza kwenye kikombe cha maji ya uvuguvugu. Mimi nilikuwa nimeshasonga ugali. Kwetu mgeni hashiki kazi na njaa.

Nikamwambia, "Mwanangu, kula kwanza."

Akasema, "Mama, hii haisubiri."

Nikamnawisha hivyo hivyo. Alikula, tukaongea. Sikuwa nimekula na mtu tangu mavuno. Alipoushika mrija, maji yalikuwa baridi.

Alinieleza kwamba kila mbegu ina nyuzi ndani yake, nyembamba kuliko za buibui. Ndizo zinashika umbo lake na kuupa mkia nguvu ya kuogelea. Zikigandishwa vizuri zinakaa salama. Zikishayeyushwa halafu zikapigwa na baridi tena, zinakatika, na hata ukizipasha haziungiki.

"Huu umekufa, mama," akasema. Akautupa jalalani mbele yangu, akaahidi kurudi ng'ombe akipata joto tena. Nilifurahi, siwezi kuficha.

Tarehe 25 Machi alirudi. Mrija ulikuwa tayari kwenye maji nilipotoka jikoni na kuku. Alinitazama, akatazama kikombe, akakaa kula. Siku hiyo hatukuzungumza habari za nyuzi.

Sasa yuko mahabusu hapa, shemeji amemshitaki kwamba anauza mbegu feki, eti ng'ombe hashiki mimba. Atashikaje mimba ya mrija ambao haukumgusa? Mbegu za huyu kijana zilikuwa nzima. Zilipoa mezani kwangu kwa sababu sikutaka aondoke. Kama ndama anadaiwa, nidaiwe mimi. Naomba atolewe mapema pamoja na mtungi wake, maana ile baridi inaisha, na mle mna mirija ya watu wengine.

Nimesomewa, ni maneno yangu, na sina jingine.

(Dole gumba la kulia) Natalia Malale

Nimeyaandika mimi, Koplo Zubery, na kumsomea shahidi akakubali. Shahidi amekabidhi kaunta chakula cha mtuhumiwa, ugali na kuku. Ameomba kipelekwe kabla hakijapoa, na aruhusiwe kukaa karibu mtuhumiwa akila. Nimemruhusu.