Sasa Tufe Kidogo

Mpendwa Ba,

Shikamoo. Sijui kama huko uliko salamu zinaitikiwa, lakini wewe ndiye uliyenifundisha kwamba mtu haanzi jambo kabla hajatulia, na mimi nisiposalimia situlii.

Nakuandikia nikiwa na kinyaa. Nimetafuta neno la kistaarabu zaidi nikalikosa. Hasira ningeimaliza kwa kumsema mtu nikaenda zangu kupika. Hiki ni kile kinyaa cha kukuta unywele ndani ya mlenda ambao nusu yake umeshaumeza. Na barua hii nimekubali isomwe na watu wengine pia, kwa hiyo utanivumilia nikieleza mambo ambayo wewe unayajua, kama vile kwamba Ba kwa Kigujarati ni mama.

Kile kishubaka cha ukutani kwenye kibaraza chako cha nyuma, ulikokuwa ukiwasha taa yako ya samli kila alfajiri kabla jogoo wangu hajaanza vurugu zake, sasa kina spika. Inawakawaka taa za rangi kama baa ya stendi. Juu ya spika kuna kopo la kinywaji cha kuongeza nguvu, na pembeni, pale ulipokuwa ukiweka ua moja, mtu kabandika bablishi aliyoitafuna akaichoka. Niliigusa nikidhani ni nta ya mshumaa. Ba, ilikuwa bado laini.

Mwanao yuko ng'ambo na nyumba haiwezi kukaa tupu, hilo nalielewa. Kampangisha kijana mmoja wa mazoezi, Kocha Gidi. Ana kifua kama mlango wa ghala na heshima zake zipo. Ameandika getini kwa rangi ya kijani: YOGA. Hapo ndipo kisa kinapoanzia.

Unakumbuka tulivyojuana? Nilikuwa nimehamia mtaa wa Kikuyu hapa Dodoma, nyumba ya kushikana ukuta na yako, muda mfupi baada ya kumzika mama kule Haneti. Nilikuwa sipati usingizi, na mgongo ulikuwa umekwisha kwa viti vya masjala. Nikiinama kufagia nagumia. Siku moja sauti ikatoka upande wako: "Nani anasaga mawe huko?" Nikajibu ni mimi, jirani. Ukachungulia kwenye kile kimlango cha ukutani, umevaa sari yako nyeupe ya ujane, ukasema, "Mbukwa." Nikadondosha ufagio. Mhindi ananisalimia Kigogo. Ukacheka, ukaniambia umezaliwa Mpwapwa nyuma ya duka la baba yako, na kwamba Kigogo chako ni kizuri kuliko cha wanangu. Na kweli.

"Njoo kesho alfajiri," ukasema. "Unawe miguu."

Nilikuja nimevaa trakisuti ya bonanza la ofisini, iliyonibana mpaka nikawa kama gunia la mahindi lililoshonwa vibaya. Nilitegemea kunyooshwa. Wewe ukaniambia, "Kwanza kaa." Tukakaa. Kesho yake tukakaa tena. Ilipofika siku ya kuchoka nikauliza, "Ba, mazoezi yanaanza lini?"

"Yameshaanza. Wewe ndiye hujafika."

Nilikuuliza pia lile swali lililokuwa limenikaa kooni. Baba yangu alikuwa mzee wa kanisa, nami nimebatizwa na kukulia humo. Je, hiki ninachofanya ni dini yako? Ungeweza kunidanganya. Ungesema ni viungo tu, mama, ni afya. Ulinitazama usoni ukasema, "Ni dini yangu. Mwili ndiyo ngazi tunayopandia, na mtu huosha miguu kabla ya kupanda ngazi. Wewe panda na Mungu wako. Ila mkifika msimsumbue wangu." Nilikupenda kuanzia hapo.

Halafu ile ya mwisho. Baada ya kujikunja na kupumua, ulikuwa ukituliza sari yako, unajinyoosha chali kwenye shuka, viganja vikitazama juu, na kusema kama mtu anayemkaribisha mgeni chai: "Haya. Sasa tufe kidogo."

Mara ya kwanza nilisali kimoyomoyo kwa haraka, nikafumba macho, nikalala usingizi wa pono. Nikaamka umekaa unanitazama.

"Mama Tumaini," ukasema, "maiti hakoromi."

Ilinichukua muda kuweza kufa vizuri. Nilipoweza, machozi yalitoka yenyewe yakaingia masikioni, maana pale chini, bila kazi ya kufanya, ndipo nilipokutana na mama yangu na kukubali kwamba kaondoka. Ulikwenda kuchemsha chai ya iliki. Usiku ule nililala mpaka asubuhi.

Mama Eliya, kiongozi wa kikundi chetu cha maombi, alipopata habari alinijia na Biblia kwapani. "Mama Tumaini," alisema, "unaigiza kifo mbele ya moto wa watu wasioujua msalaba. Mapepo hayabishi hodi." Alinikera, lakini leo ninamheshimu yule Mama Eliya wa wakati ule. Angalau alijua kwamba pale kuna kitu.

Kisha ukafa kwelikweli. Walikulaza chini kwenye kibaraza kilekile, juu ya shuka jeupe, na mtu akavigeuza viganja vyako vikatazama juu. Watu walikuwa wakilia. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni nasubiri useme, "Haya, amka." Nilisubiri mpaka wakakubeba. Ndipo nikaelewa kwamba miaka yote ile, kila alfajiri, ulikuwa unaizoea safari yako, nami ukinichukua nikusindikize mwanzo wa njia.

Sasa nikuambie wanavyofanya.

Jumamosi niliingia darasani kwa Kocha Gidi. Sikutaka kulaumu kitu nisichokionja. Kibaraza kimejaa watumishi wenzangu wa ofisi mbalimbali, wanafunzi wa chuo, na raba zao. Ba, wamesimama na raba pale ulipokuwa ukilaza kichwa. Na mstari wa mbele kabisa, ndani ya taiti iliyong'ang'ania maungo yake kwa imani kubwa, nani? Mama Eliya.

"Mama Eliya, mapepo yamehama?" nikamuuliza.

"Ah, hii siyo ile, Mama Tumaini," akasema akivuta tumbo ndani. "Ile ilikuwa ibada. Hii ni fitinesi."

Nimeyawaza maneno hayo wiki nzima. Ilipokuwa ibada waliiogopa, ilipogeuka dawa ya kitambi wakaikimbilia. Wameichinja, wakaitoa moyo na maini, halafu wakavaa ngozi.

Kocha akapiga makofi. "Namaste, Dodoma."

"Namaste ndiyo nini, Kocha?" binti mmoja akauliza.

"Ni kama mambo vipi."

"Poa," darasa likaitikia.

Akawaambia sasa waseme Om. Wakasema. Walisema kama ng'ombe wanaosubiri zamu ya josho, kisha wakacheka mpaka wakashikana mabega, na mmoja akaomba irudiwe kwa sababu simu yake haikurekodi. Neno lile wewe ulilisema ukiwa umenawa kinywa. Ulikuwa huniruhusu mimi kulisema, ukaniambia niseme Amina, ni zito vilevile.

Nisimwonee Kocha. Mazoezi yake ni mazoezi. Mwili huu wa kwangu, ambao ukipanda ngazi za ofisini watu wa ghorofa ya pili wanajua nani anakuja, ulitoa jasho la halali. Laiti angeandika getini MAZOEZI, ningekuwa mwanafunzi wake mtiifu na wa mwisho kila mbio.

Muziki ulipofika mwisho nikalala chali, nikageuza viganja, nikafumba macho. Nilisikia miguu, kisha kelele: "Kocha, mama kazimia." Kabla sijafungua mdomo nikamwagiwa maji ya chupa usoni.

"Sijazimia," nikasema. "Nimekufa kidogo."

Kocha akachuchumaa, akanishika mkono kwa huruma. "Mama, ile sehemu tuliitoa. Watu hawaji hapa kulala. Kulala hakuchomi mafuta."

Ba, wametoa hiyo. Katika vyote, wametoa hiyo.

Kisha wakaita watu kwenye supu. Jikoni kwako, wewe usiyekula nyama, uliyekuwa ukifunga dirisha taratibu nikichoma nyama ili nisione aibu, kuna sufuria la kongoro linatokota na kwato zinagongana. Unanijua mimi na supu. Nimekuwa nikiacha vikao kwa ajili ya supu. Nilipewa bakuli, nikaona mafuta yameganda pembeni, nikaangalia kishubaka na ile bablishi, nikalirudisha bakuli likiwa limejaa. Mama Eliya akanishika paji la uso kuangalia kama nina homa.

Lakini hayo yote ningeyameza kimyakimya, kwa sababu moja. Kocha alikuwa ameniachia kile kimlango cha ukutani. Kila alfajiri, kabla hajaanza darasa, nilikuwa ninapita, naondoa kopo kishubakani, nakaa mahali pako, nakufa kidogo, narudi kuvaa na kwenda kazini. Ndiyo sehemu pekee iliyobaki ambapo bado naweza kuketi na wewe.

Jumapili akaja kwangu, amevua kofia.

"Shikamoo, mama. Nasikia una picha ya yule bibi."

Ninayo. Ile aliyopiga Tumaini, umekaa umefumba macho, na nyuma yako kamba ya nguo zangu, na katikati ya kamba sketi yangu ya ndani imejaa upepo kama hema la mkutano wa injili. Ulisema ndiyo picha nzuri kuliko zote kwa sababu mimi pia nimo. Nyingine yako sina.

"Unaitaka ya nini?"

"Nafanya uzinduzi. Bango kubwa barabarani na fulana. Bibi mbele, chini tunaandika: Chimbuko Letu."

"Kwenye fulana za kutolea jasho?"

"Tunamuenzi, mama. Hata mwanaye nimempigia, kasema sawa kabisa." Akatazama ukuta, si mimi. "Na mimi hapa nimekuachia ule mlango, kila asubuhi nasikia unapita, sijawahi kusema kitu. Tunasaidiana tu."

Nilimwelewa vizuri. Picha au mlango. Nikamtandikia mkeka sebuleni.

"Lala chali," nikamwambia. "Usifanye kitu. Ukiweza kulala hapo mpaka niseme amka, picha unaondoka nayo."

Akacheka, akalala. Mwili ule mkubwa ulijaa sebule yote. Niliona mboni zinakimbia chini ya kope kama panya ndani ya gunia. Alikunja vidole vya miguu, akavikunjua. Akajikuna shingo. Halafu pumzi yake ikaanza kushuka, uso ukalegea, na kwa kitambo kidogo nikamwona mtoto wa mtu, amechoka. Ba, kweli nilitaka afike. Nilikuwa nimeshaishika ile picha mkononi.

Simu yake ikatetemeka. Akaitoa mfukoni akiwa bado amelala.

"Samahani, mama. Mteja."

Nikairudisha picha kabatini.

Jumatano nilipotoka kazini nikakuta kimlango kimezibwa kwa tofali za saruji, chokaa bado mbichi. Fundi alikuwa amepiga kazi safi, sina lawama naye. Na Ijumaa bango likapanda barabarani. Nilikwenda kulitazama kwa hofu, mguu mmoja mbele mmoja nyuma. Kuna bibi juu yake, Mhindi, mwenye miwani, amekaa kitako anatabasamu na meno yote. Chini wameandika jina lako. Kamtoa mtandaoni. Sijui ni bibi wa nani, sijui kama ana wajukuu na kama wanajua bibi yao yuko Dodoma anauza fulana. Mama Eliya amevaa yake, na yule bibi wa watu amevutika tumboni mpaka miwani imepinda.

Nilisimama pale kwenye vumbi kinyaa kikinijaa, na chini ya kinyaa kitu kingine kikapumua: hawakukupata.

Leo alfajiri nimenawa miguu, nikatandika shuka upande wangu wa ukuta, kati ya banda la kuku na pipa la maji. Taa sikuwasha, ile ni yako. Nilisema Amina, kwa kuwa ni zito vilevile. Nikakaa. Kocha ameanzisha darasa la mapema siku hizi, ukuta wote unatetemeka kwa spika, na vumbi la chokaa lilikuwa linanidondokea kichwani. Nilikaa hivyohivyo mpaka nikafika. Kisha nikalala chali, na kwa kuwa hakuna mwingine wa kulisema nikalisema mwenyewe kwa sauti, ili usikie kupitia tofali: Haya. Sasa tufe kidogo.

Pumzika, Ba. Siku ya kuja huko njia nitakuwa naijua mwanzo wake.

Tumaini ametoka ndani akanikuta chini, anadai nilikuwa nakoroma. Nimemwambia maiti hakoromi.

Jirani yako wa ukuta mmoja,
Mama Tumaini