Nyoka Niliyemdhania Bwana Harusi

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu tele kutoka kwa mdogo wako, ambaye ni mzima kupita kiasi. Je, mgongo unaendeleaje, na watoto hawajambo? Sisi huku tu wazima, isipokuwa shemeji yako ana mafua, na hata akipiga chafya naona raha. Usinicheke. Ndoa yenyewe ina miezi miwili tu.

Najua unasubiri jibu kuhusu ile nafasi ya mapokezi uliyonitafutia ofisini kwenu. Nitakujibu humu humu, ila kwanza sikia yaliyonipata.

Shemeji yako anawafundisha watoto wa darasa la pili kutunga hadithi kwa vitofali vya plastiki, vile vya rangi vinavyoshikana. Kila mtoto hupewa sinia tatu, yaani mwanzo, katikati na mwisho, na hadithi lazima itoke msituni, mtoni au bustanini. Sharti ni kwamba mtunzi hafungui mdomo. Mgeni ndiye anayesoma, na akikosea, mtoto hamsahihishi kwa maneno, anarekebisha vitofali mpaka mgeni aelewe. Mwalimu Mkuu, mama asiyecheka mpaka shule zifungwe, alisema huo ni mchezo uliovalishwa sare. Aliahidi kuja Ijumaa kutazama, na asiporidhika vitofali vyote vihamie stoo. Mume wangu hakula vizuri wiki nzima. Mimi nikaombwa niwe mgeni msomaji, nikavaa lile gauni la buluu analolipenda.

Binti mmoja mwenye pengo akapanga sinia zake mbele yangu. Ya kwanza ilikuwa na ndege wa njano kwenye kiota. Ya pili, kitu kirefu cha kijani kinaupanda mti. Ya tatu, kiota kitupu, na kile kirefu kiko chini, kimenenepa katikati. Nikasoma kwa sauti ya kujiamini kwamba bibi ndege alikuwa akimsubiri mumewe, mume akaja, mrefu, mwembamba, amevaa suti ya kijani, kisha wakaenda fungate, na bwana akanenepa kwa mapishi ya mkewe.

Darasa zima likavunjika mbavu. Mume wangu akajifunika uso kwa daftari la mahudhurio. Yule binti akanitazama kama ndugu anayemwaibisha harusini, akakiongezea kile kirefu ulimi mwekundu. Nikasema bwana ameleta ua. Akakibandika manyoya ya njano mdomoni. Nikasema wamebusiana. Mwishowe akakibomoa chote, akakijenga upya na miguu ya ndege ikining'inia nje ya mdomo. Ndipo nilipomwona nyoka, nikapiga yowe mpaka Mwalimu Mkuu akaangusha kalamu.

Basi Mwalimu Mkuu akavuta kiti cha mtoto, akaketi, akamwomba binti ambadilishie mwisho, ndege asife. Hakuondoka mpaka kengele ikalia. Baadaye alisema hajawahi kuona mtoto akirekebisha kazi yake mara tatu bila kuamrishwa, na kwamba vitofali havihami. Akasema pia kwamba msomaji mgumu wa kuelewa kama mimi hapatikani kirahisi, akaniuliza kama ningekuja kila siku kuwa msaidizi wa darasa, mshahara ni mdogo.

Dada, nimekubali. Nilikubali pale pale, kabla ya kukuuliza wewe, na hata kabla ya kumwambia mume wangu. Yeye nilimwambia jioni kwa sharti la darasani. Nilijenga mezani nyumba yetu, barabara, na ndege mdogo akitembea. Akatazama, akakaa, akauliza kwa unyonge nasafiri lini kuja kwako. Maskini, kumbe naye husoma kwa moyo. Nikamwondoa ndege barabarani, nikamweka darasani kando ya ndege mrefu mwenye miwani kama yake. Hapo akasoma sawasawa, na chai yake ikapoa mkononi akinitazama.

Niombee radhi kwa bosi wako. Najua ulinidhamini, na aibu hiyo imekuangukia wewe, nami nakuomba msamaha kwa dhati. Ila ofisini kwenu ningelipwa kwa kupatia, huku nalipwa kwa kukosea, nawe unajua mdogo wako ana kipaji gani.

Wabusu watoto, na umsalimie shemeji. Wangu anakuamkia. Ukiwa na hasira niandikie kwa maneno, tafadhali. Ukinichorea, nitadhani umefurahi.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Bi Harusi